Goti Alilolikanda Mama

Goti langu la kulia halikunjiki. Kanisani hukaa ukingoni mwa benchi, mguu umenyooka kwenye njia ya katikati, na kila Jumapili kuna mtoto anayeuruka na mama yake anayemfinya sikio kwa ajili yangu. Nimezoea. Wasionijua huuliza kama niligongwa na gari. Wanaonijua hawaulizi, huangalia pembeni tu, na hao ndio hunichosha zaidi.

Naandika haya kwa sababu majuzi msichana mmoja anayecheza netiboli alikuja kwangu kupimwa sketi. Akaweka mguu juu ya stuli, nikaona goti limeumuka kama unga wa mandazi. Nikamuuliza lilianza lini.

"Ah, hii ni ya netiboli tu, auntie," akasema. "Napakanga dawa ya kuchua, inashuka."

Nikaweka tepu chini. Nilimwambia mengi siku hiyo, mengine kwa ukali ambao hakuustahili, na alipoondoka nikaona afadhali niyaandike kuliko kuwafokea watoto wa watu. Mimi si daktari. Sitaeleza ugonjwa huu unavyofanya kazi, maana mpaka leo siuelewi vizuri. Nitasema tu nilivyoupitia, na mahali ambapo ningetamani tungefanya vingine.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa fundi katika duka la sare za shule mjini Machakos, na kila Jumamosi mchana nilikuwa mfungaji wa netiboli. Nyuma ya ukumbi wa kijamii, ambao kila mtu aliuita Sosho, palikuwa na kiwanja cha murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ambacho vijana wa mpira wa kikapu walikuwa wamekiacha. Tukakichukua sisi. Mistari tulichora kwa jivu. Pete mbili tulichomelewa na fundi vyuma wa jua kali kwa nondo zilizobaki mahali fulani, na badala ya neti tukafunga mifuko ya vitunguu. Tulikuwa walimu, makarani, wauza nguo sokoni, na mimi niliyewashonea wote sketi.

Aliyetufundisha alikuwa Mwalimu Kalunde, mwanamke aliyestaafu, mwenye filimbi shingoni na kofia ya nyuzi kichwani hata jua likiwa kali. Alijifunza netiboli akiwa msichana wa bweni katika shule ya misheni, na hakuweza kuanza mazoezi bila kutuhutubia. Tulifunga kamba za viatu huku akitusimulia kwamba mchezo huu ulitoka Uingereza. Kwamba mwanzo wake ulikuwa mpira wa kikapu wa Wamarekani, ukafika kwa wasichana wa chuo huko kwa Waingereza, wakaucheza ndani ya ukumbi, vikapu vya kutupia karatasi vikiwa vimetundikwa ukutani na wao wenyewe wakiwa ndani ya magauni yanayofagia sakafu.

"Sasa na gauni kama hiyo utakimbia na mpira namna gani?" alikuwa akituuliza. "Haiwezekani. Ndio maana ukishika mpira unasimama. Hii mchezo ilitengenezewa watu wa kusimama. Nyinyi mnakimbia kama mmefukuzwa na nyuki."

"Mwalimu, na wewe ulichezea hiyo gauni?" Wanza alikuwa akimjibu. Wanza alicheza katikati, na kunyamaza hakujua. Mwalimu alipuliza filimbi, tukaingia uwanjani tukicheka.

Ile sheria ya kusimama ndiyo iliyonidanganya. Ukidaka mpira hewani, mguu unaotangulia kugusa chini ndio unakuwa mguu wako. Huruhusiwi kuuinua ukaurudisha chini kabla mpira haujakutoka mkononi. Mguu wangu ulikuwa wa kulia. Miaka yote niliutua huohuo, kwa nguvu, juu ya murram ngumu. Kwa hiyo goti la kulia lilipoanza kuuma hakuna aliyeshangaa, na mimi sikushangaa. Katika timu yetu kila mtu alikuwa na goti lake. Tulizungumzia magoti yetu vile wanawake wengine wanavyozungumzia waume zao.

Lilianza na baridi ya Julai, mbaazi zikiwa bado shambani. Asubuhi lilikuwa gumu, mpaka nitembee kidogo ndipo lilegee. Mvua za Novemba zilipokuja lilikuwa limevimba, nikawa nalifunga kwa kitambaa cha sare kilichobaki. Nilienda zahanati moja mjini, nikapewa dawa za maumivu na kuambiwa nipumzike. Sikupumzika sana, na dawa zilipoisha maumivu yalikuwa palepale.

Katikati ya hayo nikaanza kukonda. Hapa ndipo tulipokosea sote, na nadhani ni wachezaji peke yao wanaoweza kukosea hivi. Walinisifu. "Ndinda, umekuwa mwepesi," Wanza alisema. "Siku hizi ukiruka unakaa huko juu kwanza." Mwalimu Kalunde alinisimamisha mbele ya wengine akasema muoneni mwenzenu anavyojitunza. Nami nikajivunia. Nikawa narudi dukani kupunguza kiuno cha sketi yangu, na baada ya muda nikapunguza tena. Muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, niliyozoea kuimaliza mpaka sahani ing'ae, sasa nilibakiza nusu, nikadhani ni nidhamu. Jioni nilipata joto la homa nikasema ni mazoezi. Niliamka shuka limelowa jasho nikasema ni joto la mabati.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Tulikuwa tunautazama mwili wangu kwa macho ya mchezo, na kwa macho hayo nilikuwa nimependeza.

Sasa nimfikie mama. Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Masii, na nilikuwa naishi huko na wazazi wangu. Mama yangu alikuwa mkandaji. Wanawake wenye mimba walimjia kulainishwa mgongo, watoto wachanga waliletwa kupakwa mafuta na kunyooshwa viungo, na mtu akiteguka mguu shambani aliletwa kwake kabla hajafikiriwa hospitali. Walikuja kutoka Masii, walikuja kutoka Muthetheni. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake kubwa. Nilipokuwa nikitoka na viatu vyangu mkononi kwenda Sosho, wao walikuwa wakiingia langoni. Mama alikuwa na vidole vifupi, vinene, na akianza kukanda alifumba macho. Nilikua nikijua kwamba mikono ile inaweza kila kitu.

Kwa hiyo nani mwingine angelishika goti langu? Kila jioni nikitoka kazini mama alikaa kwenye kigoda, mimi nikakaa kwenye mkeka, mguu wangu ukiwa mapajani mwake. Aliyeyusha mafuta ya ng'ombe kwenye kikombe cha bati. Alikanda taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, mpaka machozi yanitoke.

"Hii goti iko na moto," alisema jioni moja.

"Ni ya kutua, mwaitu." Hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyowaita mama zetu.

"Jana haikuwa hivi. Ndani imekuwa laini, kama kitu kinaoza." Akachota mafuta mengine. "Basi itabidi nikande zaidi."

Nitasema jambo ambalo daktari yeyote asingependa kulisikia: jioni zile zilikuwa nzuri. Mama hakuwa mtu wa maneno, lakini akiwa anakanda aliongea. Alinisimulia alivyofundishwa kazi na nyanya yake, alivyoogopa mara ya kwanza kushika mtoto mchanga, alivyokutana na baba. Sikumbuki wakati mwingine maishani tulipokuwa karibu vile. Nilikuwa naumwa, na bado nilikuwa nangoja jioni ifike.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, tukicheza na timu ya kutoka Masii, nilidaka mpira karibu na pete nikatua. Mguu ukafa ganzi, halafu ukawaka moto. Sikuanguka. Nilisimama tu na mpira kifuani, siwezi kurusha, siwezi kugeuka. Mwalimu Kalunde, aliyekuwa mwamuzi siku hiyo, akapuliza filimbi kwamba nimekaa na mpira kupita muda unaoruhusiwa. Mpinzani akaja kuuchukua mikononi mwangu, na mimi nikabaki nimesimama palepale mpaka Wanza alipotambua kwamba kuna kitu. Walinibeba kwa kushikana mikono. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya mwisho kuvaa ile sketi.

Hospitalini tulikaa siku nzima kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya watu. Benchi kama hilo unalisogelea kidogokidogo, aliye mbele akiingia wote mnateleza nafasi moja, na mimi kila tulipoteleza nililazimika kuinua mguu kwa mikono kama mzigo. Mama alikuwa kando yangu na kikapu cha viazi vitamu vilivyochemshwa. Aliwagawia watu tusiowajua.

Nilipigwa picha, nikachomwa sindano gotini, yakatolewa maji mazito ambayo sikutaka kuyaangalia. Tukaambiwa turudi. Tuliporudi alikuwapo daktari kijana, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliinua ile picha dirishani, akaitazama muda mrefu.

"Nani amekuwa akikanda hii goti?" akauliza bila kugeuka.

Mama akainua mkono kama mwanafunzi. "Ni mimi, daktari. Mimi ndio mama yake."

"Kila siku?"

"Kila jioni."

Akatikisa kichwa. "Mama, hii ni TB. TB haishiki kifua peke yake, hata mfupa inaingia. Hii kitu haikandwi. Ukikanda unaitawanya. Mmekaa huko nyumbani mkiiharibu, sasa mnaniletea nini?"

Mama akasema, "Asante, daktari."

Ningetamani angesema kitu kingine. Angelia, angebisha, hata angemtukana. Alisema asante, akafungua kikapu akatafuta kitambaa, akafuta vidole vyake kimoja baada ya kingine, ingawa vilikuwa visafi.

Matibabu yalianza mvua ndefu zilipokuwa zinanukia. Sindano zilikuwa kila siku, katika kliniki ya kifua, na foleni yake ilikuwa nje kando ya ua, mahali ambapo kila apitaye kwenda sokoni anakuona. Miaka ile ukionekana kwenye foleni hiyo, watu walikuwa wamekwisha kuamua una ukimwi na umeupata wapi, na ukikonda kama nilivyokonda hukuwa na la kujitetea. Mteja mmoja wa duka letu alinisalimu kwa mbali, akavuka barabara.

Wanza alisikia. Siku iliyofuata alikuja akapanga foleni pamoja nami, mzima wa afya, akashika mkongojo wangu. Kila aliyepita tunayemfahamu alimwita kwa jina. "Niaje, Mama Mutindi? Tumeleta goti hapa. Ni goti." Nilitaka ardhi ipasuke, lakini kufikia mwisho wa wiki nusu ya foleni ilikuwa inacheka naye. Alikuja asubuhi nyingi kabla ya kazi. Mpaka leo sijui nimlipe nini.

Sindano zilinifanya masikio yalie kengele, na ukuta ukawa unayumba nikitembea. Vidonge viligeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, nikaogopa kumwambia mtu mpaka muuguzi aliponiambia ni kawaida. Mguu uliwekwa plasta kutoka pajani hadi kifundoni. Mtu asiyewahi kuvaa plasta wakati wa joto hajui kuwashwa ni nini. Wanza aliniletea sindano ndefu ya kufumia sweta, nikawa najikuna nayo kwa raha ambayo siwezi kuieleza.

Lakini homa ilikwisha. Siku niliyomaliza sahani ya muthokoi, baba alinyanyuka mwenyewe kuniongezea.

Huyo baba hakuwa mtu wa kelele. Ndiyo maana neno lake moja lilituumiza. Ilikuwa katika wiki zile za mwanzo, tunakula, mama akanyoosha mkono kuniwekea mto chini ya plasta. Baba akasema, "Acha. Hiyo mikono imetusaidia vya kutosha." Mama alirudisha mkono mapajani na chakula chake kikapoa. Najua baba alijuta, kwa sababu kwa miezi mingi baada ya hapo hakurudi kutoka sokoni bila kumletea mama kitu, ndizi, kipande cha miwa, kitambaa cha kichwa. Ila lile neno hakulitaja tena, na lisilotajwa haliwezi kuombewa msamaha.

Mama akaacha kukanda. Hakutangaza. Wanawake walipokuja Jumamosi aliwapa chai, akawaambia, "Mimi siku hizi sikandi. Nendeni hospitali." Mmoja alikuwa ametembea kutoka mbali na mtoto mgongoni. Alibaki langoni akidhani ni mzaha, akingoja aitwe. Mama alikuwa amekwisha kuingia ndani. Baada ya muda hawakuja tena, na nyumba yetu ikawa kimya siku za Jumamosi.

Wayua, mke wa kaka yangu, alikuwa na mimba ya kwanza wakati huo. Mgongo ulimsumbua. Nilimsikia jikoni akimwomba.

"Mama, hata mgongo tu. Kidogo."

"Hapana, mwiitu wakwa." Binti yangu, alimwita.

"Sasa nani atanisaidia kama si wewe?"

"Kuna daktari."

Mtoto alipozaliwa, Wayua alimleta akiwa na chupa ya mafuta kwenye mfuko, akitumaini. Mama alimpokea mjukuu wake, akamtazama, akamwimbia. Lakini alimshika juu ya blanketi, na blanketi hakulifungua. Wayua alirudi na mafuta yake. Alikaa muda mrefu bila kuja kwetu, na simlaumu, maana alidhani mama hamtaki mtoto.

Plasta ilipotolewa kwa mara ya mwisho sikuutambua mguu wangu. Ulikuwa mwembamba, wenye magamba, mguu wa mtu mwingine aliyekaa gizani. Kiungo kilikuwa kimeliwa. Nilielezwa kwamba ni afadhali mifupa ishikane mguu ukiwa umenyooka kuliko ubaki ukikunjika kwa maumivu. Nikakubali, ningefanya nini tena. Cherehani ya kukanyaga huwezi kuikalia na mguu kama huo. Mwenye duka, ambaye tulikuwa tumezoea kumsengenya kwa ukali wake, aliniwekea meza ya kukatia nguo iliyoinuliwa kwa matofali ili nifanye kazi nikiwa nimesimama. Nilifika nikaikuta.

Mwalimu Kalunde alikuja kunitembelea na paketi ya majani ya chai. Akachukua maneno yale aliyoyazoea. "Usijali, Ndinda. Si nilikuambia hii mchezo ni ya watu wa kusimama?"

Nilimwomba aende. Nilisema kwa adabu, lakini nilimwomba aende. Leo naelewa kwamba alikuwa mtu mzima anayejaribu kumfariji mtoto kwa kitu pekee alichokuwa nacho, na tumekwisha kupatana. Siku ile nilitaka kumrushia kikombe.

Nilipokaribia kumaliza dawa, nilimuuliza daktari yule kijana jambo lililokuwa likinikaa moyoni. Je, ni kweli ni kule kukanda?

Alifungua karatasi zangu. "Kukanda hakukusaidia. Lakini hii goti ilikuwa imeliwa kitambo. Hata kama hakuna mtu angeigusa, ulikuja kama umechelewa. Kwani nani alisema ni kukanda?"

"Ni wewe, daktari. Ulimwambia mama."

Alinitazama kwa kweli, kwa mara ya kwanza nadhani. Hakukumbuka. "Siku nyingine watu ni wengi sana hapa," akasema. "Mlete. Nitaongea na yeye."

Nilienda nyumbani karibu nikikimbia, kama mkongojo unaweza kukimbia. Mama alikuwa uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Aliendelea kuchambua.

"Ile alisema nikiwa hapo," akasema. "Hii amekuambia wewe peke yako. Wewe unanihurumia."

"Basi twende akuambie mwenyewe."

"Tutaenda."

Kulikuwa na kupanda, halafu palizi. Alipokubali kweli kwenda, tuliambiwa daktari yule amehamishwa, yuko mkoa mwingine. Aliyekuwapo alisoma yaliyoandikwa, akasema kwa upole kwamba yeye hakunitibu tangu mwanzo na hawezi kujua. Mama akasema asante. Hilo ndilo ninalojutia kuliko goti. Goti nimelizika. Lakini neno lililosemwa na mtu mmoja aliyechoka, na ambalo mtu huyohuyo alikuwa tayari kulirudisha, lilibaki kwa mama kwa sababu ya wiki chache za palizi.

Mama alifariki miaka kadhaa baadaye, katika miaka ya elfu mbili, bila kumkanda mtu mwingine.

Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa na uvimbe usiokuwa na sababu, usiokwisha, unayetoka jasho usiku na kusifiwa kwa kukonda: nenda upimwe, na ukiambiwa ni kitu kidogo na hakiishi, rudi. Ugonjwa huu unatibika, mimi niko hapa. Dawa zimalize hata ukijisikia mzima. Na kama nyumbani kuna mtu aliyekuwa akikushika kwa upendo, mama, nyanya, mume, ingia kwa daktari peke yako kwanza. Mwambie nje kuna mtu wangu, alinikanda, usimvunje. Sikujua kwamba jambo kama hilo linaweza kuombwa.

Nimalizie na siku moja tu. Nilikuwa nimemaliza dawa, na tuliporudi kutoka kliniki mara ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa na sketi za kupeleka Sosho. Zamani mama asingeweza kunisindikiza siku kama hiyo, uani kungejaa watu. Sasa hakuwa na wa kumngoja. Tukaenda wote.

Mechi ilikuwa inaendelea. Mwalimu Kalunde akatutolea viti vya plastiki vya ukumbini, akatuweka kando ya mstari, mguu wangu umenyooshwa mbele. Mama hakuwa amewahi kuona netiboli maisha yake yote. Alikaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, akitazama kule mpira unakoenda, akichelewa kidogo kila mara.

"Kwa nini wanasimama?" akaniuliza.

"Ukishika mpira lazima usimame. Ndiyo sheria."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Na wewe ulikuwa unasimama wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Chini ya pete alikuwapo msichana mgeni, mrefu, karani wa mahali fulani, na kifuani alikuwa na herufi zangu, zile za nafasi ya mfungaji. Wanza akamrushia mpira wa juu. Msichana akaruka, akaudaka hewani kwa mikono miwili, akatua kwa mguu wa kulia, vumbi likaruka. Akanyoosha mikono, akarusha. Mpira ukapita katikati ya pete bila kugusa chuma, watu wakapiga makofi.

Mama hakupiga makofi. "Kumbe ulikuwa unaruka," akasema. "Mimi nilikuwa nakanda tu. Sikujua hii goti inafanyanga kazi gani."

"Ulikuwa na watu, mwaitu. Jumamosi ulikuwa na watu."

"Ningekuja hata mara moja."

Nilitaka kumwambia kwamba si yeye, lakini hilo nilikuwa nimekwisha kulisema mpaka likachakaa. Nikamwambia kitu kingine, ambacho kilikuwa kweli na ambacho hakuna daktari aliyehitajika kukithibitisha.

"Nilikuwa mzuri," nikasema. "Nilikuwa mzuri kuliko huyo."

"Naona," mama akasema. Akaendelea kumtazama yule msichana, kila alipoenda, mpaka filimbi ya mwisho.